Kihisi hakishuki shimoni

Mikataba mingi ya siku hizi ya matengenezo ya lifti ina sentensi moja inayofanana: lifti imeunganishwa na kituo cha ufuatiliaji wa mbali, inaangaliwa saa 24, kwa hiyo ziara za fundi zitapungua kutoka 12 kwa mwaka hadi 6, au hata 4. Neno la kuhojiwa hapo ni hilo "kwa hiyo". Vihisi ni vifaa vizuri na nitavipa haki yao hapa chini. Ila vinapima mambo yanayotokea kila safari: mlango kufunguka, mota kuvuta, kabini kusimama. Roho ya abiria imeshikwa na vipuri vingine, vile ambavyo lifti ikiwa nzima havifanyi kazi yoyote: gavana inayokamata mwendo uliozidi, kabari za usalama zinazong'ata reli, bafa inayopokea mgongano chini shimoni, ndoana ya kufuli la mlango, uzito unaofunga mlango wa ghorofa. Kipuri kisichofanya kazi hakitoi data. Kinakaa mwaka mzima kimya, na kwenye skrini ukimya wake unafanana na uzima.

Kifaa chenyewe kinapima nini

Ufuatiliaji wa mbali si jambo la jana. Watengenezaji wa lifti Otis walikuwa na mfumo wa aina hiyo tangu miaka ya 1980, wenzao thyssenkrupp wakatoa MAX mwaka 2015, na KONE wakaleta huduma yao iliyotumia akili bandia ya IBM Watson mwaka 2017. Kilichobadilika zaidi ni bei ya vihisi na urahisi wa kupata intaneti ya simu.

Kuna njia mbili za kuipata data. Ya kwanza ni kuisoma moja kwa moja kwenye paneli ya kudhibiti: misimbo ya hitilafu, idadi ya safari, idadi ya mara milango ilipofunguka, mkondo wa umeme unaokwenda kwenye mota, joto la draivu (kifaa cha kielektroniki kinachoongoza mwendo wa mota), hali ya swichi za breki. Ya pili ni kisanduku kinachofungwa juu ya kabini ya lifti ya kampuni yoyote. Ndani yake kuna kipima mtikisiko, kipima shinikizo la hewa cha kukadiria ghorofa, pengine na maikrofoni, pamoja na laini ya simu. Matangazo huziweka njia hizi mbili kapu moja, na hilo ni kosa. Kisanduku cha juu ya kabini hakijui lolote kuhusu mzunguko wa usalama, ule mnyororo wa swichi na kontakti ambao ukikatika popote lifti haiendi. Kinajua tu kwamba kabini iliondoka, ikatikisika kiasi fulani, ikasimama, na mlango ukachukua sekunde kadhaa kufunguka. Kabla ya kusaini, uliza kwanza ni njia ipi unauziwa.

Vinapofaa, vinafaa kwelikweli. Lifti inayofanya safari 500 kwa siku inafikisha 182,500 kwa mwaka. Jirani yake kwenye jengo hilohilo huenda haifikishi robo ya hiyo. Kuzihudumia zote mbili kwa ratiba moja ni kumpotezea fundi muda kwenye moja na kuinyima nyingine haki yake, na hesabu hiyo ni ya mashine kuifanya, si ya mtu. Vilevile mlango wa ghorofa ya 3 ukianza kujifungua upya mara nyingi kuliko ghorofa nyingine zote, data inamwambia fundi aanzie wapi kabla hajafungua sanduku la vifaa. Kwenye lifti zinazoning'inia kwa mikanda bapa, ambayo nyuzi zake za chuma zimezamishwa ndani ya plastiki, kifaa kinachopima ukinzani wa umeme wa nyuzi hizo kinagundua kuchakaa ambako jicho haliwezi kukuona kwa namna yoyote. Hapo mashine inamshinda fundi, tena kwa mbali. Na simu ya dharura ndani ya kabini: kiwango cha Ulaya EN 81-28 kinataka mfumo ujipime wenyewe angalau kila siku 3. Hakuna kampuni itakayomtuma mtu kila siku 3 kubonyeza kengele.

Milango, mahali ambapo data inasema nusu

Fundi yeyote wa lifti atakuambia kwamba simu nyingi za hitilafu chanzo chake ni milango. Ndiyo sehemu inayotembea zaidi, inayogongwa na mikokoteni, inayozuiwa kwa miguu na mizigo. Kwa hiyo ndiyo sehemu yenye data nyingi kuliko zote, na ndiyo sababu watu huamini kwamba imeshaangaliwa.

Chukua tena ule mlango wa ghorofa ya 3. Kihisi kinasema unafunguka upya. Hakisemi kama kuna kijiwe kwenye mfereji wa kizingiti, au roli ya kuning'inizia mlango imepata ubapa upande mmoja, au kioo cha pazia la miale, lile linalohisi mtu mlangoni, kina vumbi, au upepo unaopanda ndani ya njia ya lifti unausukuma mlango usifike mwisho. Dawa za hizo nne hazifanani hata kidogo. Fundi anayetumwa na msimbo tu, tena mwenye kazi nyingine kumi siku hiyo, ataongeza nguvu ya mota ya mlango kwenye mipangilio. Mlango utafunga. Msimbo utatoweka. Kijiwe kitabaki kikiendelea kukata viatu vya mlango, na sasa mlango unampiga abiria kwa nguvu zaidi. Kiwango cha EN 81-20 kinaweka kikomo cha nguvu ya kuzuia mlango unaofunga kuwa niutoni 150, na hiyo hupimwa kwa kipimo cha springi mlangoni, si kwa kompyuta.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kufuli. Kufuli la mlango wa ghorofa lina vitu viwili: ndoana ya chuma inayoshika, na kontakti ya umeme inayothibitisha kwamba imeshika. Kanuni ni kwamba ndoana iwe imeingia angalau milimita 7 kabla kontakti haijaruhusu lifti kuondoka. Roli zikilika, mlango unashuka kidogo kidogo. Ndoana inaanza kuingia milimita 5, kisha 3, huku kontakti, ambayo inapinda, ikiendelea kugusa. Paneli inaona mzunguko umefungwa. Kituo cha ufuatiliaji kinaona mlango mzima. Njia ya kuujua ukweli ni fundi kusimama juu ya kabini kwa mwendo wa ukaguzi, ule wa polepole anaouendesha mwenyewe, kupita ghorofa moja baada ya nyingine, na kupima kila ndoana kwa rula au kwa kipande cha bati kilichokatwa upana wa milimita 7. Jengo la ghorofa 10 lina kufuli 10. Hiyo si kazi ya dakika 20.

Akiwa hapohapo, anafungua mlango wa ghorofa kwa ufunguo wa pembetatu na kuuachia: mara moja ukiwa wazi kabisa, mara nyingine ukiwa umebakiza upana wa kiganja. Mara zote mbili mlango lazima ujifunge wenyewe na kujifungia kufuli, bila kabini kuwapo. Kazi hiyo hufanywa na uzito mdogo unaoning'inia kwenye kamba, au na springi. Katika matumizi ya kawaida mlango wa kabini ndio unaouburuta mlango wa ghorofa, kwa hiyo kamba ya uzito ule ikikatika hakuna kitakachoonekana. Kitaonekana siku mtu atakapokuta mlango uko wazi na nyuma yake hakuna kabini.

Baada ya hapo ni viatu vya chini vya mlango, vile vipande vinavyoteleza ndani ya mfereji wa kizingiti. Vikiisha au bolti zake zikianguka, mlango unafunga vizuri kabisa, kontakti inagusa, lifti inakwenda. Lakini mtu akiuegemea au akisukumwa juu yake, sehemu ya chini inaweza kutoka kwenye mfereji na kuingia ndani ya njia ya lifti. Watu wamekufa hivyo. Kuangalia kwake ni rahisi: sukuma chini ya kila ubao wa mlango kwa mkono, na utazame kwa tochi jinsi kiatu kilivyozama. Nafasi kati ya mlango na fremu isizidi milimita 6, na ikishachakaa isivuke 10.

Breki inayofichwa na draivu

Watu wengi hudhani breki ya lifti inafanya kazi kama ya gari. Kwenye lifti za zamani za mwendo mmoja au miwili ilikuwa hivyo: breki ndiyo iliyosimamisha kabini, na ilipochoka, kabini ilisimama juu au chini ya usawa wa ghorofa. Abiria mwenyewe alijikwaa, akalalamika, fundi akaitwa. Kwenye lifti zenye draivu ya kisasa mota ndiyo inayopunguza mwendo hadi sifuri, kisha breki inashika kitu ambacho tayari kimesimama. Usawa unabaki ndani ya milimita 10 kama kanuni inavyotaka, na breki inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake bila mtu kujua. Ustaarabu wa draivu umeondoa dalili.

Ni vizuri kuelewa nini hutokea breki ikiachia. Uzani wa kusawazisha, ule unaoning'inia upande wa pili wa kamba, huwekwa sawa na uzito wa kabini tupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wake. Kwa lifti ya watu 8, yaani kilo 630, uzani huo ni mzito kuliko kabini tupu kwa takriban kilo 315. Kwa hiyo kabini yenye mtu mmoja haianguki. Inapaa. Na kama milango iko wazi, inapaa na mtu aliye katikati ya kizingiti.

Juni 2006, katika jengo la makazi wilaya ya Minato, Tokyo, kijana wa miaka 16 alikufa hivyo akitoka kwenye lifti. Uchunguzi ulikuta pedi za breki zimelika. Koili ya sumaku ya breki ilikuwa na hitilafu, breki ikawa haifunguki sawasawa, na mota ikawa inaisukuma kabini huku pedi zinasugua. Kuanzia mwaka 2009 Japani ikalazimisha lifti mpya ziwe na kinga ya kabini kuondoka milango ikiwa wazi, na Ulaya nayo iliingiza kinga ya namna hiyo kwenye viwango vyake katika miaka hiyohiyo. Lifti zilizofungwa kabla ya hapo bado ni nyingi na zinapanda na kushuka kila siku.

Je, kihisi kingeona? Kinachoweza kuonekana ni mkondo wa mota: breki inayosugua inamfanya mota avute zaidi, na mchoro wa wiki nyingi ungeonyesha mpando. Hilo ni jambo zuri na ningependa kila lifti iwe nalo. Swichi ndogo za breki nazo zinasema kitu, lakini kitu kidogo: zinathibitisha kwamba mkono wa breki, ule unaobeba pedi, ulifunguka na kurudi. Hazisemi kama ulishika. Mkono unaweza kurudi mahali pake huku pedi imelowa mafuta yaliyovuja kutoka kwenye gia, na swichi ikatoa taarifa ya afya njema. Paneli za kisasa zina jaribio zuri zaidi, ambapo breki hubaki imefungwa na mota inasukuma kwa nguvu iliyopangwa kuona kama kabini itajongea. Kama paneli yako ina uwezo huo, hakikisha umewashwa na majibu yake yanahifadhiwa.

Kinachobaki ni kazi ya fundi mwenyewe. Breki za aina ya plunja moja, yaani chuma kimoja kinachosogezwa na sumaku, inayoendesha mikono yote miwili ya breki ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu plunja ikikwama, mikono yote inabaki wazi kwa pamoja. Hukwama kwa vumbi la pedi lililochanganyika na grisi ambayo mtu aliipaka kwa nia njema. Kuihudumia ni hivi: teremsha uzani wa kusawazisha ukae juu ya bafa yake au funga kabini kwa mnyororo uliopimwa, zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli lako mwenyewe, fungua, toa plunja, safisha hadi chuma king'ae, kagua pini za bawaba kama zinazunguka kwa mkono, kagua pini za kufungia ncha, rudisha, pima nafasi ya pedi ikiwa wazi. Kwa kawaida nafasi hiyo haifiki milimita 0.5, ila namba halali ni ya kitabu cha mtengenezaji. Usipake grisi mahali ambapo kitabu hakikutaja. Kisha ijaribu. Breki nzima inatakiwa isimamishe kabini inayoshuka ikiwa na asilimia 125 ya mzigo, na mkono mmoja peke yake uweze kuipunguza mwendo ikiwa na mzigo kamili. Ukikosa vyuma vya kupimia, kuna jaribio la kila mwaka la kabini tupu ikipanda kwa mwendo kamili: kata umeme, pima imeteleza umbali gani, andika. Namba ya mwaka huu peke yake haisemi mengi. Ukiiweka karibu na ya mwaka jana na juzi, inasema.

Gavana na kabari

Hapa data haipo kabisa, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Gavana ni gurudumu lenye kamba yake nyembamba, linalozunguka kadiri kabini inavyokwenda. Mwendo ukizidi, inakata umeme, kisha, kuanzia asilimia 115 ya mwendo halali, taya zake zinabana kamba, kamba inavuta wenzo, na kabari zilizo chini ya kabini zinang'ata reli. Elisha Otis alipowaonyesha watu wa New York mwaka 1854 kwamba kabini haianguki kamba ikikatwa, alikuwa anaonyesha babu wa kifaa hiki.

Kabari huganda. Mafuta ya reli yanachanganyika na vumbi la ujenzi, mchoraji anapiga rangi reli bila kuuliza, kutu inaingia kwenye bawaba. Taya za gavana hujaa uchafu, kamba yake hulainika ikateleza ndani ya taya. Jaribio ni kuiangusha gavana kwa mkono, kabini ikiwa tupu, kwa mwendo wa ukaguzi kuelekea chini. Unatazama mambo matatu: kamba imesimama bila kuteleza, kabari za pande zote mbili zimeng'ata kwa pamoja, na swichi imekata. Kuinasua, pandisha kabini. Halafu nenda kwenye reli, tafuta alama za meno, na uzipige tupa laini. Ukiziacha zitakula vitelezi vya kabini. Usiguse muhuri wa marekebisho ya gavana. Ufaransa sheria inataka kabari zikaguliwe kila mwaka na kamba kila miezi 6, na sioni sababu ya mtu yeyote kuchelewa zaidi ya hapo, sheria yake iwe inasema nini.

Kamba

Kamba za waya zinahitaji kitambaa kikavu, kalipa yenye midomo mipana, tochi na subira. Zima lifti, simama mahali salama, na upitie kamba kipande kwa kipande. Usipitishe kitambaa huku zinatembea. Nyuzi zilizokatika zimeshachukua vidole vya watu. Pima kipenyo kwenye migongo ya nyuzi, mara mbili kwa pembe tofauti, mahali kamba inapopinda mara nyingi zaidi juu ya puli, yaani kile kipande kinachokaa kwenye puli kabini ikiwa ghorofa yenye watu wengi. Kipenyo kikipungua kwa karibu asilimia 6, milimita 10 ikawa 9.4, kamba yenye kiini cha nyuzi zisizo za chuma imefika mwisho. Ukiona vumbi jekundu la kahawia likitoka kati ya nyuzi, ujue ndani nyaya zinasagana bila mafuta na nje bado panaonekana pazuri. Hapo usikimbilie kumimina mafuta: kamba iliyolowa inateleza kwenye puli, na lifti ya kuvutwa inaishi kwa msuguano.

Mvuto wa kamba zote uwe karibu sawa. Lengo la tofauti isiyozidi asilimia 5 si la anasa: kamba iliyolegea inateleza na kuichimba mifereji ya puli, mifereji ikitofautiana kina basi hata kamba mpya zitalegea upya. Weka rula ya chuma juu ya kamba zote pale zinapopita kwenye puli. Kamba iliyozama kuliko wenzake itajionyesha. Kisha chora alama moja ya chaki inayovuka kamba na puli, peleka kabini tupu hadi juu kabisa na uirudishe palepale, utazame alama zimepishana kiasi gani. Kupishana kidogo ni kawaida. Kupishana kunakoongezeka kila unapopima ni puli inayokwisha. Baadhi ya paneli zinaweza kugundua mtelezo huu kwa kulinganisha hesabu ya mota na sumaku zinazoonyesha mahali pa kila ghorofa. Uliza kama yako inafanya hivyo, maana nyingi hujirekebisha kimyakimya kila zinapopita sumaku, na kosa linafutwa kabla halijaandikwa popote.

Chini kabisa

Shimo lililo chini ya njia ya lifti ndilo linalotoa hukumu ya haraka juu ya ubora wa matengenezo. Maji, karatasi, mafuta yaliyoganda, taa iliyoungua: mahali palipo hivyo, hakuna aliyeshuka kwa muda mrefu. Angalia bafa ya mafuta, inayotumika lifti ikizidi mita 1 kwa sekunde, kama mafuta yamefika alama. Angalia puli ya chini ya gavana. Kamba ikirefuka, uzito wake unakaa sakafuni na gavana inapoteza mvuto. Na kabini ikiwa ghorofa ya juu kabisa, pima nafasi iliyobaki kati ya uzani wa kusawazisha na bafa yake. Kamba zinaporefuka nafasi hiyo inapungua milimita kwa milimita, bila msimbo, bila mtikisiko, hadi siku uzani utakapogonga bafa kabla kabini haijafika usawa. Kampuni zinazojivunia algoriti za kutabiri hitilafu hazipimi urefu huu, ambao mtu mwenye futi anaupima kwa nusu dakika.

Kimya kingi kina mshindo mkuu

Mfumo wa mbali nao ni kifaa, na unaharibika. Kisanduku kinachochukua umeme kutoka kwenye lifti hufa pamoja na lifti. Laini ya simu inaisha muda. Mitandao inafungwa: AT&T ya Marekani ilizima 3G Februari 2022, na vifaa vingi vilivyoitegemea vikalazimika kubadilishwa. Kwenye ubao wa kituo, lifti isiyotuma kitu na lifti isiyo na hitilafu zinaweza kuwa na rangi ileile ya kijani. Taka kwa maandishi kwamba kila kisanduku kitume ishara ya uhai kwa muda maalumu, na kwamba ukimya wa muda fulani, tuseme saa 24, uhesabiwe kuwa hitilafu yenye namba ya kazi.

Kuna mtego wa kujifunza. Mfumo husema "umejifunza tabia ya kawaida" ya lifti katika wiki zake za kwanza. Ikiwa ulifungwa kwenye lifti iliyochakaa tayari, umejifunza uchakavu na kuuita kawaida. Kwa hiyo hudumia kwanza kikamilifu, rekebisha milango, sawazisha kamba, ndipo ufunge kihisi.

Na kuna jampa, ule waya mfupi ambao fundi huuweka kuruka kontakti ya mlango ili atafute hitilafu. Ukisahaulika ndani ya paneli ya zamani, mzunguko wa usalama unaonekana mzima kuliko wakati wowote, kwa sababu sehemu yake moja haiwezi tena kukatika. Lifti itaacha kusumbua. Grafu itapendeza. Hitilafu zinazokoma ghafla bila kipuri chochote kubadilishwa zinapaswa kumpeleka msimamizi kwenye paneli siku hiyohiyo. Tabia inayosaidia ni jampa za rangi moja kali, zenye namba, zinazohesabiwa kutoka kwenye mfuko na kurudi mfukoni kabla lifti haijakabidhiwa.

Kuhusu kuiamrisha lifti kutoka mbali, msimamo wangu ni mkali. Kusoma, sawa. Kufuta hitilafu ya mzunguko wa usalama au kuiendesha kabini wakati hakuna mtu aliyetazama milango, hapana. Njia ya kuingilia paneli inayowafaa mafundi inawafaa pia wasio mafundi. Ndiyo maana mwaka 2022 kulitolewa kiwango maalumu cha usalama wa mtandao wa lifti, ISO 8102-20, na ni haki yako kuuliza kifaa unachofungiwa kinakifuata au la.

Mkataba

Nchi zimelishughulikia jambo hili kwa njia tofauti. Ufaransa inataka fundi apite angalau kila wiki 6. China ilizoea kila siku 15, na tangu 2018 imekuwa ikijaribu matengenezo yanayofuata mahitaji kwa lifti zenye ufuatiliaji. Uingereza inataka lifti za abiria zikaguliwe kwa kina kila miezi 6 na mtu mwenye ujuzi aliye huru na asiyehukumu kazi yake mwenyewe, hata kama kampuni ya matengenezo ilikuwepo jana yake. Hilo la Uingereza ndilo ninalolithamini zaidi, kwa kuwa kihisi mara nyingi ni cha kampuni ileile inayotakiwa kuchunguzwa.

Ukitaka kupunguza ziara, usianze na idadi. Anza na orodha ya vitu visivyo na data: ndoana za kufuli, kujifunga kwa milango, viatu, plunja, gavana, kabari, kamba, nafasi ya uzani na bafa, shimo. Kila kimoja kipewe muda wake na namba ya kuandikwa, si alama ya vema tu. "Ndoana ghorofa ya 4: milimita 9" ni kumbukumbu, "kufuli: sawa" haisemi kama kuna mtu aliyepanda juu ya kabini. Jumlisha saa zinazotokea. Kwa jengo la ghorofa 10 utakuta ni saa nyingi kuliko ziara 4 za nusu saa, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapopaswa kuanzia. Muda ambao vihisi vimeuokoa, ule wa kukimbilia hitilafu zisizo na kichwa wala miguu, urudishwe kwenye kazi hizo badala ya kukatwa kabisa.

Andika pia kwamba data ni ya mwenye jengo, kwamba atapewa kumbukumbu zote za hitilafu katika umbo linalosomeka, na kwamba mkataba ukiisha kampuni inayofuata itapewa nywila na zana za kuifungua paneli. Bila kifungu hicho, historia ya breki yako, zile namba za mtelezo za mwaka jana na juzi, itaondoka pamoja na kisanduku.